Valvu ndani ya priampu ya bei nafuu: inafanya nini, na jinsi ya kuipima mwenyewe

Kile kidirisha cha mbele ndicho kinachouza. Valvu, chupa ndogo ya kioo, inawaka rangi ya chungwa, mshale wa mita unacheza, na mtu anayerekodi chumbani kwake anaamini kwamba sauti yake nyembamba sasa itapata unene. Amekwisha kununua maiki na kadi ya sauti, bado hajaridhika, na kiboksi hiki cha valvu kinaonekana kama hatua inayofuata.

Msimamo wangu niuseme mapema: priampu hizi, yaani vifaa vya kukuza sauti ndogo ya maiki kabla ya kurekodiwa, hubadilisha sauti, haziiboreshi. Badiliko lenyewe lina matumizi yake, na kuna mahali linafaa kweli. Lakini ukiinunua ukitarajia isafishe rekodi, iondoe mwangwi wa chumba, au ifanye maiki ya kawaida isikike kama ya gharama, pesa hiyo ilipaswa kwenda kwingine. Sababu ziko kwenye saketi yenyewe, kwa hiyo tuanzie humo.

Ndani ya boksi

Valvu inayotumika karibu kila mara ni 12AX7, ambayo Ulaya huandikwa ECC83. Ndani ya kioo kimoja mna trayodi mbili (vikuzaji viwili vinavyojitegemea), kila moja ikiwa na kipimo cha ukuzaji cha 100. Karatasi za watengenezaji huonyesha utendaji wake kwa volti 100 na volti 250 kwenye anodi, bamba linalopokea mkondo. Kwa volti 250, gridi ikiwa volti 2 chini ya kathodi, mkondo unaopita ni miliampia 1.2. Hapo valvu ina nafasi ya kutosha kupandisha na kushusha wimbi bila kulipinda.

Priampu nyingi za bei nafuu haziipi valvu umeme huo. Zinaipa volti 30, 40, pengine 50. Volti 250 zinataka transfoma inayofaa, kapasita zinazohimili umeme mkubwa, nafasi ndani ya boksi na uangalifu wa usalama, na vyote hivyo ni gharama. Kwa hiyo kazi ya kukuza sauti ya maiki hufanywa na chipu, opampu ya aina ile ile iliyomo kwenye kadi yako ya sauti. Valvu huwekwa kati ya chipu moja na nyingine, ikiwa imeshinda na njaa, ili ipinde wimbi kidogo. Sauti ya mwimbaji imekuzwa na chipu. Valvu imetia chumvi tu.

Usihukumu kwa kutazama adapta peke yake. Zipo saketi zinazochukua umeme mdogo wa adapta na kuuzidisha ndani hadi volti mia na zaidi. Tafuta kwenye maelezo ya mtengenezaji volti za anodi. Priampu inayolisha valvu yake vizuri kwa kawaida hujisifia jambo hilo waziwazi. Iliyokaa kimya, chukulia kwamba ni volti kidogo. Na ule mwanga wa chungwa usikupe uhakika wowote. Filamenti ya 12AX7 ni hafifu, hung'aa kidogo tu, ndiyo maana baadhi ya maboksi yana taa ya LED nyuma ya kioo.

Ule "ujoto" ni nini

Trayodi moja ikipinda wimbi, huongeza zaidi hamoniki ya pili, yaani masafa mara mbili ya sauti ya asili. Ukipiga noti ya hezi 220, hutokea kidogo cha 440, na ukisukuma zaidi, cha 660 na kuendelea. Kiasi chake huandikwa kwa asilimia: asilimia 0.1 ni hamoniki iliyo desibeli 60 chini ya noti yenyewe, asilimia 1 ni desibeli 40 chini, asilimia 10 ni desibeli 20 chini. Sauti ya mtu tayari imejaa hamoniki zake, tena kubwa. Ukiongeza asilimia 0.1 au hata 0.5 juu ya hizo, zinamezwa, sikio halizikamati. Ili usikie tofauti lazima usukume kitufe cha geini (kiasi cha ukuzaji) hadi valvu ianze kulalamika, na ukifika huko umeingia kwenye eneo la rangi. Usafi umeuacha nyuma.

Mfano mzuri kuliko yote ni gitaa la besi. Waya wake mnene, noti ya E, unatoa hezi 41. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti hiyo hata kidogo. Ikipita kwenye valvu iliyosukumwa, hupata nguvu zaidi kwenye 82, 123 na 165, na zile za juu yake. Sikio likisikia hamoniki hizo hujaza lenyewe noti ya msingi isiyokuwepo. Besi inasikika kwenye spika ndogo bila kuongezewa volyumu. Hiyo ni faida halisi.

Sasa pitisha kitu chenye noti nyingi kwa pamoja. Noti mbili, 440 na 554, zikiingia kwenye saketi inayopinda wimbi, hutoka na jumla yake na tofauti yake pia: 994 na 114. Hizo mbili hazimo kwenye wimbo na hazipatani nao. Zidisha hilo kwa kodi kamili ya gitaa (noti kadhaa zikipigwa pamoja) au kwaya ya watu wanne, ndipo unapata ule ukungu ambao watu huilaumu maiki kwa ajili yake. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata: chombo cha noti moja moja (besi, mwimbaji mmoja, filimbi) kinaweza kusukumwa, gitaa la kodi, kinanda na kundi la waimbaji vipite safi.

Wanaotaka "sauti ya zamani" wakumbuke vifaa vya zamani vilikuwa nini. V72 ya Ujerumani, ambayo jamii yake ya V72S ilitumika kwenye meza ya REDD.37 ya studio za Abbey Road, London, ilikuwa na valvu za pentodi zilizolishwa umeme wa kutosha, transfoma nzito mlangoni na nyingine kwenye kutokea, na ukuzaji usiobadilika wa desibeli 34. Ilibuniwa iwe safi kadiri ilivyowezekana. Sehemu kubwa ya uzito tunaousikia katika rekodi za enzi hiyo inatokana na transfoma, utepe wa sumaku, ukumbi uliojengwa kwa kazi hiyo, na wanamuziki wenyewe. Transfoma mbili nzuri peke yake zinaweza kuzidi bei ya boksi zima la valvu la bei nafuu, ndiyo maana kwa kawaida huzikuti humo.

Ile "shhh" ya chini kwa chini

Wengi hununua priampu ya nje kwa sababu rekodi yao ina "shhh". Hapa hesabu inasema yote. Rezista ya omu 150, ambayo ni kama maiki ya kawaida inavyoonekana na priampu, hutoa kelele yake ya joto ya dBu -131 hivi (dBu ni kipimo cha volti kwa desibeli) kwa masafa yote tunayosikia. Hakuna priampu duniani inayoweza kushuka chini ya hapo. Kadi za sauti za kisasa, hata za bei ya kawaida, nyingi ziko kati ya -125 na -129. Ikiwa yako iko -127, priampu kamilifu kabisa ingekupunguzia desibeli 4. Iliyo ya bei nafuu, yenye valvu ndani inayoongeza kelele yake, haikupi hata hizo. "Shhh" yako kwa kawaida inatoka kwenye feni ya kompyuta, kwenye maiki yenyewe, au kwenye kusimama mbali na maiki.

Kuna hali moja ambapo boksi la nje linasaidia kweli. Chukua maiki ya dainamiki yenye sauti ndogo, kama Shure SM7B, ambayo hutoa milivolti 1.12 kwa paskali moja, sawa na dBu -57. Paskali moja ni desibeli 94, yaani mtu anayezungumza kwa nguvu akiwa karibu sana na maiki. Ikiwa kilele cha kadi yako ni dBu +18 na unataka sauti itulie kwenye -18 ya programu, unahitaji dBu 0, basi ni desibeli 57 za geini. Anayezungumza kwa upole anahitaji 65. Kadi ya zamani inayoishia 45 au 50, au inayoanza kupuliza ukifika robo ya mwisho ya kitufe, haitoshi. Hapo priampu yoyote ya nje yenye desibeli 60 na zaidi itakuokoa, iwe na valvu au isiwe nayo. Maiki ya kondensa yenye milivolti 20 kwa paskali, kwa hesabu hiyo hiyo, inataka desibeli 32 tu, na kila kadi inazo.

Kuunganisha bila kuharibu

Kosa la kwanza, na ndilo linalowaharibia wengi, ni kutoa kebo ya XLR kwenye priampu na kuichomeka kwenye tundu la XLR la kadi ya sauti. Tundu hilo ni la maiki. Sauti iliyokwisha kukuzwa inaingia kwenye priampu ya pili, inapasuka hata geini ikiwa sifuri, na umeme wa fantomu wa volti 48, ule unaolisha maiki za kondensa, ukiwa umewashwa kwenye kadi unarudi kinyumenyume kwenye kutokea kwa priampu yako. Mtu anasikia mpasuko ule na kudhani ndiyo "ladha ya valvu".

Tumia kebo ya TRS, ile plagi ya milimita 6.35 yenye pete mbili nyeusi, kutoka kwenye kutokea kwa priampu hadi tundu la laini la kadi, lile la sauti iliyokwisha kukuzwa. Matundu ya mseto hupokea zote mbili: XLR huelekeza kwenye priampu ya maiki, plagi ya TRS huelekeza kwenye laini. Kama kadi ina swichi ya kuchagua laini au ala (gitaa au besi), weka laini. Zima fantomu ya kadi kabisa. Shusha geini ya kadi hadi chini, au kwenye alama ya sifuri kama ipo.

Kisha fuata mpangilio huu. Volyumu ya spika iwe chini. Washa priampu, iache ipate moto dakika 10 hadi 15, kwa sababu valvu baridi hubadilika kidogo inavyopashika. Chomeka maiki. Kama ni kondensa, washa fantomu ya priampu sasa na usubiri sekunde kumi. Kitufe cha kutokea kiweke katikati, kisha pandisha cha kuingia taratibu mwimbaji akiimba sehemu yake ya juu kuliko zote, hadi vilele vigonge -10 kwenye programu na wastani ukae karibu na -18. Vitufe hivi viwili ndivyo vinavyoamua rangi: kuingia juu na kutokea chini hukupa valvu iliyosukumwa, kuingia chini na kutokea juu hukupa sauti iliyo safi zaidi. Anayepandisha vyote viwili kwa pamoja anapasua kadi wala si valvu, na mpasuko wa kidijitali hauna utamu wowote.

Ukisikia mvumo wa chini, hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali ulipo, chomoa chaja ya kompyuta mpakato na usikilize tena. Mvumo ukiondoka, tatizo ni mzunguko wa ardhi, yaani umeme unaozunguka kati ya vifaa kupitia waya zao za ardhi: vifaa vyote vichomekwe kwenye kiendelezi kimoja na kebo zote ziwe za TRS au XLR, zisiwe zile za waya mmoja na ngao. Adapta ikae mbali na kebo za maiki. Ikipotea, soma maandishi yaliyo karibu na tundu kabla ya kutafuta nyingine, maana baadhi ya priampu zinataka umeme wa AC na nyingine wa DC, na plagi zinafanana kabisa.

Jaribio linalomaliza ubishi

Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi. Tofauti ya desibeli moja husikika kama "uwazi" na "unene" kabla hujagundua kwamba ni volyumu tu. Ndiyo maana maonyesho mengi ya priampu hayathibitishi chochote: iliyopitishwa kwenye valvu imepandishwa. Na ukimwimbisha mtu mara mbili, hakuna anayeimba sawasawa mara ya pili.

Rekodi kwanza safi, bila priampu ya nje, sekunde 30 za sauti. Kadi yenye njia nne za kutokea inafaa zaidi. Itoe rekodi hiyo kupitia njia ya 3, iingie moja kwa moja kwenye laini ya 3. Hiyo ndiyo nakala A. Kisha ipitishe njia hiyo hiyo ya 3 ndani ya priampu, irudi tena laini ya 3. Hiyo ni nakala B. Priampu isiyo na tundu la laini wala la ala, yenye la maiki peke yake, inataka kipunguzaji cha desibeli 30 hadi 40 mbele yake, la sivyo mlango wake utazidiwa kabla sauti haijafika kwenye valvu.

Sasa sawazisha. Pitisha mlio wa kilohezi 1 kwenye njia zote mbili na urekebishe hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.1. Usitumie macho kwenye mawimbi. Tumia mita yenye desimali. Sogeza nakala mbili zikae moja juu ya nyingine hadi sampuli moja, kwa sababu saketi inaweza kuchelewesha kidogo.

Halafu geuza polariti ya B (wimbi lipinduliwe, juu iwe chini) na uzicheze pamoja. Kinachobaki ndicho priampu ilichoongeza au kupunguza. Ikibaki sauti kubwa ya wimbo mzima, ama hazijapangana vizuri ama priampu yenyewe imegeuza polariti, basi rudisha ulivyogeuza na ujaribu tena. Ikibaki besi tu, kuna kapasita inayokata masafa ya chini. Ikibaki mkwaruzo mdogo unaofuata vilele vya sauti, ndiyo valvu. Tazama kiasi chake: ukiwa desibeli 60 chini, hakuna msikilizaji atakayeujua.

Mwisho ni kusikiliza bila kujua ipi ni ipi. Programu za ABX ni za bure, au mtu mwingine akuchezee huku umempa mgongo. Fanya mara 16. Anayebahatisha tu hufikia 12 au zaidi mara 4 hivi katika kila 100, kwa hiyo ukipata 12 una sababu ya kuamini kwamba unasikia tofauti. Ukipata 9, priampu hiyo, kwa mpangilio huo, haikupi kitu.

Rudia jaribio kitufe cha kuingia kikiwa robo, nusu na robo tatu. Utaona mahali hasa rangi inapoanza. Andika alama hizo kwenye karatasi.

Kubadilisha valvu

Watu wanapenda kununua valvu ya bei mara tatu ya ile iliyokuja na boksi. Kwenye saketi inayolishwa volti kidogo tofauti kati ya 12AX7 moja na nyingine ni ndogo mno, kwa sababu valvu haibebi kazi kubwa. Badala yake unaweza kujaribu 12AT7, yenye kipimo cha 60 hivi, au 12AU7 yenye 20 hivi. Miguu yake tisa hupangwa vile vile. Geini itashuka na rangi itachelewa kuja, kwa hiyo inafaa ikiwa boksi lako linapasuka mapema mno.

Sababu ya maana ya kubadilisha ni ubovu. Valvu iliyochoka huchachatika, huvuma, au huwa yenyewe maiki: igonge kwa upole na ncha ya penseli huku spika ikiwa chini, ukisikia mlio kama wa kengele, imeharibika. Zima, chomoa umeme, subiri dakika 20 ipoe, kisha ivute juu wima ukiitikisa kidogo sana. Ukiichomoa kwa kuipinda unavunja soketi, na kubadilisha soketi iliyolehemiwa kwenye bodi ni kazi ngumu. Boksi lenye volti 200 na kuendelea ni habari nyingine kabisa: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuzima, usilifungue kama hujui kuzitoa umeme.

Pesa ile ile, mahali pengine

Kaa mbele ya meza tupu, maiki sentimita 30 kutoka mdomoni. Sauti inayogonga meza na kupanda tena ikisafiri sentimita 34 zaidi ya ile ya moja kwa moja, inachelewa milisekunde 1, na kwenye 500, 1,500 na 2,500 inafutana na mwenzake. Huo ndio ule "usanduku" unaomfanya mtu atafute valvu. Hakuna valvu inayojaza mashimo hayo. Taulo nene juu ya meza, maiki iliyoinamishwa kidogo na umbali uliopunguzwa hadi sentimita 15 huyaondoa karibu yote, na kupunguza umbali kwa nusu hukuongezea desibeli 6 za sauti ya moja kwa moja bila kuongeza za chumba. Paneli tatu za pamba ya madini zenye unene wa sentimita 10, moja nyuma ya mwimbaji na mbili pembeni, zikiachwa nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani, hufanya kazi kubwa kuliko priampu yoyote ya daraja hili.

Kama chumba kimetulia, geini inatosha, na bado unataka rangi, nunua. Chagua yenye tundu la ala la megaomu 1, kwa sababu besi na gitaa la pikapu zisizo na betri hupoteza masafa ya juu zikichomekwa kwenye mlango wa kilo-omu 10. Besi ndiko itakakokulipa mapema zaidi.

Kwa sauti ya mtu, rekodi safi kupitia kadi yako, kisha baadaye itoe kwenye laini, ipitishe kwenye valvu na uirekodi upya kwenye traki ya pembeni. Rangi iliyorekodiwa moja kwa moja haitoki tena, na mwimbaji aliyeimba vizuri mara moja hatakuwepo kukurudishia. Traki ya pembeni unaweza kuisukuma hadi ikwaruze waziwazi, ukate chini ya hezi 150, kisha uichanganye desibeli 12 hadi 15 chini ya ile safi. Vitufe ulivyotumia vipige picha na simu na uihifadhi kwenye folda ya wimbo huo, maana maboksi haya hayana kumbukumbu na ukivigusa tu mpangilio umepotea.